Kubonyeza ili Upate Usingizi: Mwongozo wa Akupresha kwa Mama Kijacho wa Miezi ya Mwisho

Video nyingi zinazozunguka kwenye simu kuhusu kubonyeza mwili ili kuvuta usingizi zinakupeleka mguuni: vidole vinne juu ya kifundo, upande wa ndani, bonyeza dakika mbili, utalala. Kwa mtu asiye na mimba huo ni ushauri wa kila siku katika tiba ya Kichina. Kwa mama kijacho, hiyo ndiyo pointi ya kwanza kati ya zile anazokatazwa. Kwa hiyo kabla hujamwambia mwenzio akushike popote, kariri jambo moja: mjamzito anayetafuta usingizi anabonyezwa kwenye kifundo cha mkono na kichwani. Mabega, kiuno, tumbo na vifundo vya miguu viachwe.

Akupresha ni ndugu wa ile tiba ya sindano ya Kichina, ila hapa hakuna sindano, ni vidole tu. Wachina wanaieleza kwa habari ya nguvu inayopita mwilini katika njia zake. Unaweza kuyaamini maelezo hayo au kuyaacha, vidole vitafanya kazi ileile. Kuhusu ushahidi wa kitaalamu, niseme wazi: zipo tafiti ndogo ambazo wajawazito waliobonyezwa kifundo cha mkono walisema wanalala vizuri zaidi kuliko wenzao. Lakini ni ndogo, na si rahisi kumficha mtu kwamba anabonyezwa, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa inatoka kwenye utulivu wenyewe na kuguswa na mtu anayekujali. Mimi sioni ubaya. Haigharimu kitu, haina dawa inayoingia kwa mtoto, na mama wa Ileje aliye kilometa nyingi kutoka duka la dawa anaweza kuifanya sawasawa na mama wa Soweto pale Mbeya mjini.

Isichoweza ni kurekebisha kitanda kibaya, njaa ya madini ya chuma au chai ya rangi ya saa mbili usiku. Tuanze na hayo, kwa sababu ukibonyeza mkono huku kinachokuamsha kiko pale pale, utachoka vidole bure.

Jua kwanza kinachokuamsha

Kuanzia wiki ya 28 karibu kila mama huamka usiku, na sababu si moja. Mtoto amekua na anakaa juu ya kibofu. Tumbo la chakula limesukumwa juu, asidi inapanda, kiungulia kinachoma kifua. Mguu unakakamaa ghafla saa tisa za usiku. Mtoto anacheza pale pale unapojilaza. Na juu ya yote kuna mawazo: hela ya kujifungulia, usafiri, nani atabaki na watoto.

Kiungulia kina dawa rahisi kwanza. Kula cha jioni mapema, kidogo, na usijilaze kabla chakula hakijashuka. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Ndizi za nazi zenye pilipili zibaki kuwa za mchana. Ukilala, egemeza mgongo na kichwa juu kidogo na ulalie ubavu wa kushoto, maana upande huo asidi haipandi kirahisi.

Mguu ukikakamaa, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea usoni, shikilia mpaka msuli ulegee, kisha simama utembee hatua chache. Ukiwa na desturi ya kunyoosha misuli ya shavu la mguu kwa kuegemea ukuta kabla ya kulala, inasaidia kupunguza. Lakini kuna jambo tofauti na hilo: miguu inayowasha kwa ndani, inayotaka kusogezwa kila dakika, ikitulia ukitembea na kuanza tena ukilala. Hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Mweleze muuguzi kliniki, apime damu.

Na hapa ndipo sisi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania tunapojikwaa. Tunaishi kati ya mashamba ya chai ya Tukuyu na Mufindi, na kahawa ya Mbozi iko jirani, basi kikombe hakikauki. Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Mama anayemeza vidonge vyake vya kuongeza damu kwa chai ya rangi anatupa sehemu ya faida. Meza kwa maji, na chai isubiri saa moja au mbili. Udongo wa kula nao ni wa kuacha. Unashika chuma hichohicho, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini mabaya. Kafeini yenyewe hukaa mwilini mwa mjamzito wa miezi ya mwisho muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine, kwa hiyo kikombe cha alasiri kinaweza kuwa bado kinafanya kazi usiku wa manane. Chai na kahawa ziishie asubuhi. Jioni kunywa maziwa ya uvuguvugu au maji ya moto.

Ulanzi na komoni havimo kabisa. Najua kuna bibi atakayesema kikombe kimoja kinamlaza mjamzito. Pombe huleta usingizi wa juujuu unaokatika usiku, na inampata mtoto moja kwa moja.

Kitanda, baridi na jiko la mkaa

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, Makete na Kitulo ziko juu zaidi, na ukifika Juni na Julai umande unaganda kwenye nyasi. Mwili wenye baridi haushiki usingizi, na mikono yenye baridi haiwezi kubonyeza mtu akatulia. Ndiyo maana watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala.

Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka taratibu hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu zaidi na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kuamka na kichwa kinauma tu, akadhani ni uchovu, kumbe mtoto ameumia zaidi. Dirisha kufunguliwa kidogo si kinga ya kutosha. Jiko liwake nje, lichemshe maji, na maji ndiyo yaingie ndani.

Jaza chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa khanga au soksi nene, uiweke upande wa miguuni nusu saa kabla ya kulala. Ukipanda kitandani iondoe, au iache mbali na ngozi, isikae tumboni. Soksi, sweta na blanketi mbili vitamaliza kazi. Mama wa Kyela ana tatizo la kinyume, joto la ziwani na mbu, huko oga maji ya uvuguvugu jioni na uingie ndani ya chandarua mapema. Wa baridini naye asisahau chandarua. Vijiji vya mabondeni vina malaria hata kama usiku unatetemeka.

Kuhusu mlalo, kuanzia wiki ya 28 anza usingizi wako kwa ubavu, kushoto au kulia. Tafiti za New Zealand, Australia na Uingereza zimeonyesha kwamba wanawake wanaoanza usingizi wakiwa chali katika miezi mitatu ya mwisho wana hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mfu. Ukilala chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukishtuka usiku ukajikuta uko chali, usiingiwe na hofu, geuka tu uendelee. Mto mmoja uwe kati ya magoti, mwingine mdogo chini ya tumbo, na wa tatu nyuma ya mgongo ukuzuie kugeukia chali. Asiye na mito mingi ajaze foronya kwa nguo za zamani, au akunje blanketi iwe gogo. Mimi naona mto wa magotini ndio wenye thamani kuliko yote. Ukikosa vyote, huo usikose.

Pointi za kuacha

Nimeziweka kabla ya zile za kubonyeza kwa makusudi, kwa sababu mtu anayekukanda kwa upendo ndiye atakayeziangukia.

Ya kwanza ni ile ya mguuni: ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo, nyuma kidogo ya mfupa wa muundi. Nyingine iko mkononi, ile nyama laini kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo watu huibonyeza kichwa kikiuma. Kisha juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, pale pale mume anapokamata akisema "ngoja nikukande mabega". Kuna pointi ya nyuma ya kifundo cha nje cha mguu, kuna ya pembeni ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, na kuna mashimo ya mfupa wa chini kabisa ya mgongo, juu ya makalio. Tumbo halibonyezwi kabisa.

Sababu ni kwamba katika tiba ya Kichina hizi ndizo zinazotumika kuamsha uchungu na kumshusha mtoto, na kuna wakunga katika nchi nyingine wanaozitumia chumba cha kujifungulia. Ushahidi kwamba kweli zinaanzisha uchungu ni dhaifu. Huenda umewahi kuguswa hapo na hakikutokea kitu, basi usikose usingizi kwa hilo pia. Lakini mtu anayetafuta usingizi hana sababu ya kucheza nazo wakati zipo zingine. Na hata ukifika wiki ya 37 au 38, usizibonyeze ili "kuharakisha". Hilo ni jambo la kuzungumza na mkunga wako, sawa na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, ambazo zimewahi kupasua mji wa mimba wa watu.

Miguu inaruhusiwa kupashwa joto. Mtu akusugue unyayo na vidole kwa kiganja kizima, taratibu, bila kuchimba na kidole gumba, na asipande kwenye kifundo. Ukiwa na mishipa iliyovimba na kujikunja miguuni, isikandwe.

Maandalizi

Chagua saa moja na uishike. Mwili unajifunza kwa kurudiarudia, na mimi nadhani nusu ya nguvu ya akupresha iko hapo. Kama unalala saa tatu na nusu usiku, anza saa tatu. Kakojoe kwanza. Maji ya kunywa yawe mengi mchana, yapungue saa mbili kabla ya kulala. Usijinyime mchana kutwa eti usikojoe usiku, utajiletea maambukizi ya njia ya mkojo.

Kata kucha. Pasha mikono moto kwa kushika kikombe au kuichovya kwenye maji ya uvuguvugu. Tone la mafuta ya nazi au ya parachichi linatosha ngozi isikwaruzike. Yawe machache, yakiwa mengi kidole kinateleza. Simu iwekwe mbali, sauti izimwe. Kaa kitandani umeegemea ukuta na mto nyuma ya kiuno, magoti yamelegea, blanketi mapajani.

Kiasi cha nguvu: bonyeza kama unavyobonyeza parachichi sokoni kujua kama limeiva, bila kuliachia alama. Unatakiwa usikie uzito mzito wa kupendeza, au kauchungu kadogo kanakoyeyuka. Ukisikia maumivu makali, umeme, au ganzi kwenye vidole, legeza au sogea kidogo.

Hatua zenyewe

1. Pumzi. Kabla ya kugusa popote, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano au sita. Usibane pumzi. Mtoto akikusukuma mbavu ukashindwa kuvuta kwa kina, vuta ndogo; la muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza. Utaendelea na pumzi hii muda wote unaobonyeza.

2. Kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Hii ndiyo pointi kuu ya usingizi, Wachina wanaiita Shenmen. Geuza kiganja cha kushoto kitazame juu. Tafuta mstari wa ngozi unaokata kifundo, pale kiganja kinapoishia. Ufuate mstari huo kuelekea upande wa kidole kidogo. Mwanzoni mwa kiganja, upande huo, utakuta kifupa cha mviringo kilichojitokeza. Kutoka kwenye kifupa hicho kuna mkano unaopanda kwenda mkononi; ukikunja kifundo kidogo utauona au utauhisi. Pointi iko kwenye kishimo kidogo kilicho kwenye mstari wenyewe, kando ya mkano, upande unaoelekea kidole gumba. Weka ncha ya kidole gumba cha kulia hapo, vidole vingine vishike nyuma ya kifundo. Bonyeza ukitoa pumzi, legeza ukivuta, au zungusha kidole viduara vidogo visivyohama. Dakika mbili, kisha mkono wa pili. Mshipa wa damu na wa fahamu hupita jirani: ukisikia mapigo makali chini ya kidole, au ganzi inayokwenda kidole cha pete na kidogo, sogea milimita chache. Watu wengi hukosea hapa kwa kubonyeza katikati ya kifundo, au kwenye kifupa chenyewe. Kishimo ndicho kinachotafutwa.

3. Ndani ya mkono, vidole vitatu juu ya kifundo. Inaitwa Neiguan. Weka vidole vitatu vya mkono wa pili, shahada, kati na pete, vikiwa vimebanana, cha pete kikiwa kwenye ule mstari wa kifundo na vingine vikipanda kuelekea kiwiko. Ukingo wa kidole cha shahada unapoishia, katikati ya mikano miwili, ndipo pointi ilipo. Pima kwa vidole vyako mwenyewe, si vya mume. Mwili wako ndio kipimo. Hii inajulikana zaidi kwa kichefuchefu, ndiyo inayobonyezwa na zile bangili za wasafiri, na wengi huisikia ikituliza kifua chenye wasiwasi. Dakika moja au mbili kila mkono. Mama ambaye vidole vyake vya gumba, shahada na kati vinakufa ganzi usiku, jambo la kawaida miezi ya mwisho kwa sababu ya maji yanayojaa mwilini, aibonyeze kwa wepesi sana au aiache, na alale kifundo kikiwa kimenyooka.

4. Katikati ya nyusi. Yintang. Funga macho, weka ncha ya kidole cha kati kwenye kile kibonde cha juu ya pua. Uzito wa kidole unatosha, husukumi. Dakika moja. Kisha futa paji la uso kwa vidole kutoka hapo kwenda pembeni, kuelekea masikioni, mara kadhaa. Taya liachie; ulimi uanguke mdomoni. Utashangaa jinsi ulivyokuwa umeuma meno siku nzima.

5. Nyuma ya masikio. Anmian. Nyuma ya ndewe ya sikio kuna mfupa uliojitokeza. Telezesha kidole nyuma na chini kidogo ya mfupa huo mpaka kizame kwenye sehemu laini kabla hujagusa msuli mnene wa shingo. Bonyeza pande zote mbili kwa vidole vya kati, viduara vya taratibu, dakika moja. Usishuke mbele ya shingo, kule yanakosikika mapigo. Hapo si mahali pa kubonyeza mtu yeyote.

6. Kumaliza. Weka viganja vyote viwili kwenye tumbo bila kubonyeza, pumua mara chache, msikie mtoto. Geuka ubavu, weka mito yako, zima taa.

Hatua zote zinachukua dakika kumi hadi kumi na tano. Ukiwa umechoka kabisa, fanya ya pili tu, mikono yote miwili, ulale. Usiku wa kwanza huenda usione kitu. Fanya kila usiku kwa wiki mbili ndipo uamue. Usipopata nafuu baada ya hapo, umepoteza dakika tu, na unaweza kuacha bila majuto.

Ukishtuka saa nane usiku

Hili ndilo gumu, kwa sababu kulala jioni watu wengi wanaweza. Kurudi usingizini ndiyo kazi. Choo kikiwa nje, uani, kwenye baridi ile, ukitoka unaamka kabisa. Weka ndoo yenye mfuniko chumbani, na tochi karibu na mto usije ukajikwaa. Usiwashe taa kubwa. Usitazame saa wala simu.

Ukirudi, lala ubavu. Mkono wa juu uje ushike kifundo cha mkono wa chini, na kidole gumba kiende kwenye kishimo cha hatua ya pili. Sasa fanya ile pumzi ya nne kwa sita. Usihesabu dakika. Kidole kikilegea chenyewe kwa sababu umesinzia, ndiyo tiba imemaliza.

Zikipita kama dakika ishirini macho bado makavu, inuka, jifunike, kaa kwenye kiti. Kama ni mawazo ya mipango, yaandike: vifaa vya kujifungulia, atakayebaki nyumbani, nauli. Jambo likiwa kwenye karatasi halikuamshi tena kwa nguvu ileile. Mama anayeishi mbali na hospitali aulize kliniki mapema kama kuna chigonella, nyumba ya kungojea uzazi, karibu na hospitali anayotakiwa kujifungulia. Nimeona wanawake ambao kilichowanyima usingizi hakikuwa tumbo bali barabara ya kwenda hospitali wakati wa mvua.

Kwa baba, mama mkwe au dada anayesaidia

Msaidizi akae upande wa mgongo wa mama aliyelala ubavu, au mbele yake akiwa ameketi. Aulize "hapa sawa?" kisha anyamaze, huu si wakati wa kujadili ada za shule. Anyooshe kidole gumba, atumie uzito wa mkono badala ya nguvu za vidole. Mama akisema "inatosha, baba", inatosha. Kwa mama mkwe mwenye mazoea ya kukanda tumbo ili kumweka mtoto sawa, mwambie kwa heshima: "Mama, kliniki wamesema tumbo lisikandwe, naomba unisaidie mkono." Atakapoonyeshwa hatua ya pili atakuwa na kazi ya kufanya, na heshima yake itabaki pale pale.

Nani aulize kwanza

Onyesha muuguzi au daktari kabla ya kuanza kama umewahi kutoka damu katika mimba hii, kondo la nyuma limekaa chini, una mapacha, umewahi kuzaa njiti, mlango wa kizazi umeshonwa, una presha ya mimba, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Usibonyeze penye kidonda, uvimbe au upele. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma na kupata joto kwenye shavu la mguu, usiukande kabisa: inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Zipo sababu za kukosa usingizi ambazo kidole hakizigusi. Kichwa kinachouma sana kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Kuwashwa viganja na nyayo bila upele, hasa usiku, kunaweza kutoka kwenye ini. Kutoka damu, kutoka maji, homa, mtoto kupunguza kucheza. Kwa yoyote kati ya hizi usisubiri asubuhi wala tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, wao ndio watakaokupa rufaa ya hospitali ya wazazi ya Meta pale Mbeya, Iringa mjini au kokote unakotakiwa kufika. Na kama kinachokuamsha kila usiku ni huzuni, kilio au hofu isiyoondoka mchana, nalo ni la kumwambia muuguzi, lina msaada wake.

Tumbo likikaza na kuachia usiku, badilisha mlalo, kunywa maji, tembea kidogo. Likitulia, ni mazoezi ya mwili, rudi kwenye kifundo chako cha mkono. Likiendelea kwa mpangilio, kila mkazo mrefu na wenye nguvu kuliko uliopita, acha kubonyeza na anza kuhesabu muda kati ya mkazo na mkazo. Kama hujafika wiki ya 37, usihesabu, ondoka. Namba ya mwenye gari au bodaboda unayemwamini iwe imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, maana saa hiyo si ya kuitafuta kwenye simu yenye chaji ndogo.